Chuo cha Ufundi Kisichouza Hakifundishi

Juzi nilihudhuria mahafali ya chuo kidogo kinachofundisha ufundi wa umeme wa jua. Mgeni rasmi akasema chuo cha mafunzo hakiwezi kujiendesha chenyewe. Kazi yake ni kufundisha, biashara tuwaachie wafanyabiashara, nasi tuzidi kuwaomba wafadhili. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mlangoni mwa karakana kuna kibao cha mfadhili aliyekwisha ondoka, na ndani yake betri zimekufa.

Nimechoka na imani hii. Ufundi haujifunzwi kwa betri ya maonyesho. Darasani kijana anafunga nyaya, anafungua, anafunga tena, na akikosea hakuna anayeumia. Mpeleke kwa mwenye bucha aliyetoa fedha yake ili friji lilale likiwaka. Hapo atapima mzigo, atapiga hesabu ya paneli, ataandika bei kwa mkono wake, na friji likizima saa nane usiku ataitwa yeye. Cheti kinaweza kutolewa kwa huruma. Mteja hana huruma hiyo, na kwa sababu hiyo fedha yake ndiyo mtihani wa kweli wa fundi.

Padre Godfrey Nzamujo alilielewa hilo alipoanzisha kituo cha Songhai huko Porto-Novo, Benin, mwaka 1985. Kituo kinafundisha kilimo kisichotupa kitu: kinyesi cha mifugo kinatoa gesi, masalia yake yanakuwa mbolea. Na kinauza kuku, samaki na juisi, kina hata mgahawa. Vijana wanasomea humo humo kwenye uzalishaji. Na wala hatuhitaji kwenda Benin. Karakana za Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda zimetoa mafundi vizazi kwa vizazi, waliojifunza wakiwa na kazi ya watu mikononi.

Sisi bado tunasubiri wafadhili. Januari 2025 rais wa Marekani alisitisha misaada ya nje siku ile ile aliyoapishwa, na miradi ikasimama katikati huku na huku Afrika. Hakuna mteja wa Songea au Mtwara anayeweza kufunga chuo kwa sahihi moja.

Najua watakachosema: wanafunzi watageuzwa vibarua, kama enzi za Elimu ya Kujitegemea, sera ya Mwalimu Nyerere ya 1967. Hoja hii haina miguu. Kulima shamba la mwalimu mkuu hakukuwa mafunzo, na Mwalimu Nyerere hakuandika hivyo. Kufunga pampu ya jua kwenye kisima cha kijiji, mwalimu akiwa pembeni na posho ya mwanafunzi ikiwa imehesabiwa ndani ya bei, ni mafunzo kamili. Wanaowalilia wanafunzi leo siwasikii wakimlilia mhitimu anayekaa nyumbani na cheti, asiyewahi kumhudumia mteja hata mmoja.

Kama kuna adui wa mapato ya vyuo, mmtafute kwenye ofisi za umma zinazoagiza madawati kutoka vyuoni na kutolipa. Mkuu wa chuo kimoja alinionyesha faili la madai ya miaka mingi, barua juu ya barua, huku akikosa fedha ya mbao. Ofisi hizo hizo zinapata fedha ya warsha hotelini, posho na chakula, kujadili namna ya kuwawezesha vijana. Lipeni madawati kwanza.

Nanyi wajumbe wa bodi za vyuo, katika kikao kijacho, kabla hamjafungua andiko la mradi, mwiteni mkuu wa karakana. Mwulizeni mwezi huu ameuza nini, wanafunzi wangapi walikuwa kwenye kazi hiyo, na nani bado hajalipa.