Subira ya Msaidizi Isifanywe Kisingizio cha Kumpunja

Subira ni jambo jema, na sisi watu wa pwani tumefundishwa hivyo tangu utotoni. Tumeambiwa subira huvuta heri, na tumeambiwa mstahimilivu hula mbivu. Maneno hayo ni ya kweli. Walakini mara nyingi msemaji wake ni yule aliyekwisha kula akashiba, na mwambiwa ni yule ambaye angali na njaa. Kwa hiyo yafaa tujiulize: mpaka wa subira ni wapi, na dhuluma huanzia wapi?

Nimechagua mfano wa mbali ili pasiwe na mtu wa hapa atakayesema kuwa nimemlenga yeye. Mfano wenyewe ni kocha msaidizi wa mpira wa kikapu katika vyuo vikuu vya Marekani. Huko suala hili la subira na ujira lilifikishwa mahakamani, na mahakama ikalikata.

Watazamaji humjua kocha mkuu peke yake. Ndiye asimamaye kando ya uwanja, ndiye aulizwaye maswali na waandishi wa magazeti, na katika vyuo vikubwa hulipwa mamilioni ya dola kwa mwaka. Wale walioketi nyuma yake na makaratasi mkononi hakuna awaulizaye habari. Hata hivyo, ndio wanaoibeba kazi.

Kijana mwenye kutaka ukocha huanza chini kabisa. Wengine huanza wakiwa wanafunzi, wakiokota mipira na kutandaza taulo. Akimaliza digrii ya kwanza hubaki chuoni kama msaidizi mwanafunzi. Hulipiwa karo ya digrii ya pili na kupewa posho ndogo. Kisha hupewa kazi ya filamu: akeshe akitazama michezo ya wapinzani, aikate vipande vipande, na asubuhi awe tayari kueleza ni mchezaji gani hupendelea mkono wa kushoto na ni nani hukosea akisukumwa. Akibahatika, baada ya miaka hiyo huwa msaidizi kamili.

Hapo ndipo jasho linapotoka hasa. Msaidizi ndiye asafiriye kutoka mji hadi mji akitafuta vijana warefu wenye kipaji. Huketi sebuleni kwa mama wa kijana, akamhakikishia kuwa mwanawe atasoma na atatunzwa. Hufuatilia kama mchezaji amehudhuria darasa na kama amefanya mtihani. Na kocha mkuu akifukuzwa kwa kushindwa, kwa desturi ya huko wasaidizi nao hufungasha virago pamoja naye, hata kama wao hawakuharibu lolote. Merikebu ikizama, nahodha na mabaharia huzama pamoja. Lakini ikifika bandarini salama, sifa ni za nahodha peke yake.

Wapo waliovumilia njia hiyo wakafika. Roy Williams aliacha ukocha mkuu wa shule ya sekondari mwaka 1978 akaenda Chuo Kikuu cha North Carolina kuwa msaidizi wa Dean Smith. Ujira wake wa mwanzo ulikuwa dola 2,700 kwa mwaka mzima, naye ana mke na mtoto. Ili apate chakula cha nyumbani aliuza kalenda za timu, akaendesha gari mamia ya maili kupeleka kanda za kipindi cha televisheni cha mkuu wake. Miaka kumi baadaye, 1988, Chuo Kikuu cha Kansas kilimchukua kuwa kocha mkuu, hali ya kuwa hajawahi kuongoza timu ya chuo hata siku moja. Mwaka 2003 alirudi North Carolina, akashinda ubingwa wa nchi mara tatu: 2005, 2009 na 2017.

Yupo pia Bill Guthridge, ambaye kisa chake ndicho kinachonivutia zaidi. Alikwenda kwa huyo huyo Dean Smith mwaka 1967, akawa msaidizi wake kwa miaka 30. Mwaka 1978 aliikubali kazi ya kocha mkuu wa Penn State, kisha akabadili nia kabla ya kuianza, akarudi mahali pake pa pili. Smith alipostaafu mwaka 1997, Guthridge alikuwa na umri wa miaka 60. Akapewa timu. Msimu wake wa kwanza alishinda michezo 34 na kushindwa 4, akachaguliwa kocha bora wa mwaka 1998. Katika miaka mitatu aliifikisha timu mara mbili kwenye nne za mwisho za nchi, kisha mwaka 2000 akastaafu kwa amani. Alifariki mwaka 2015. Mtu kama huyu hawezi kuitwa aliyeshindwa kupanda. Alijua kuwa cheo cha pili nacho ni cheo, na kwamba si lazima kila mwenye ujuzi atamani kiti cha mwenye nyumba.

Visa hivi viwili hutajwa sana na wale wanaopenda kuwahubiria vijana subira. Mimi nami naviheshimu. Lakini kwa kila Williams mmoja wapo wengi waliouza kalenda zao, wakazeeka, wala hawakuitwa na Kansas. Hao hakuna awasimuliaye. Hatuwezi kuupima uadilifu wa njia kwa kuwahesabu waliofika tu, tukawaacha waliobaki kichakani.

Sasa tazama yaliyotokea. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, vyuo vilivyo katika chama cha NCAA, kinachosimamia michezo ya vyuo huko, vilikubaliana kupunguza gharama. Havikugusa mishahara ya makocha wakuu. Viliweka kanuni, iliyoanza kutumika mwaka 1992, kwamba katika kila timu ya mpira wa kikapu ya daraja la juu msaidizi mmoja awe wa ujira wenye kikomo: dola 12,000 kwa mwaka wa masomo na dola 4,000 za kiangazi, jumla dola 16,000, basi. Kabla ya hapo, katika nafasi kama hizo, walikuwapo wengi waliokuwa wakipata dola 60,000 hadi 70,000.

Vyuo vilijitetea kwa maneno matamu. Vilisema nafasi hiyo ni ya wanagenzi, vijana wanaoingia kazini, wajifunze kwa wakubwa. Msomaji, sikiliza jinsi subira inavyogeuzwa kuwa kamba ya kumfungia mtu! Makocha walikwenda mahakamani katika jimbo la Kansas. Mwaka 1995 jaji alikata kuwa kanuni ile inavunja sheria ya ushindani wa biashara, na mwaka 1998 mahakama ya rufani ikakubaliana naye. Mahakama iliona jambo lililo wazi: hakuna chochote katika kanuni kilichomzuia kocha mzee mwenye uzoefu wa miaka mingi kuwekwa katika nafasi hiyo hiyo. Uanagenzi lilikuwa jina tu. Kiini kilikuwa bei ya kazi ya mtu kupangwa na wanunuzi wote kwa pamoja, ili asipate pa kukimbilia. Baraza la wazee wa mahakama lilikadiria hasara ya makocha kuwa zaidi ya dola milioni 22, na kwa sheria hiyo fidia huzidishwa mara tatu. Mwaka 1999 NCAA ilikubali kulipa dola milioni 54.5 kuimaliza kesi.

Kuna mtu atasema: mbona fundi wetu naye humlipa mwanagenzi kidogo? Hapana ubaya, ikiwa mafunzo ni ya kweli, muda unajulikana, na mwanagenzi akiona hapa hapamfai aweza kwenda kwa fundi wa mtaa wa pili. Ubaya ni mafundi wote kukutana usiku wakaapa kuwa hakuna atakayezidisha senti, kisha asubuhi wakamwambia kijana avumilie. Wala usisahau kuwa mafundi hao hawakujipunguzia wao hata kidogo.

Tena uzito wa makosa nao humwangukia wa chini. Mwezi Septemba 2017 serikali ya Marekani iliwakamata makocha wasaidizi wanne, wa vyuo vya Auburn, Arizona, Oklahoma State na Southern California, kwa kupokea hongo ili wawaelekeze wachezaji kwa mawakala na washauri wa fedha. Wote wanne walikiri kosa mwaka 2019. Siwatetei, kwani hongo ni hongo, na mpokeaji na mtoaji wote wamekosa. Lakini katika kesi ile hapakuwa na kocha mkuu hata mmoja aliyesimama kizimbani. Aliyetumwa vijijini na mitaani kuleta wachezaji kwa kila njia ni msaidizi, na aliyefungwa pingu ni msaidizi.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Unaibu ni chuo kizuri, na anayetaka kuongoza na akubali kwanza kuongozwa. Walakini mwenye kumfundisha mtu hana haki ya kumla. Sisi tuliozoea kuambiwa kuwa ujira wa mfanyakazi ulipwe kabla jasho lake halijakauka, tuna sababu zaidi ya wengine ya kulielewa jambo hili. Awe kocha msaidizi, awe mwalimu wa chuoni anayemsaidia mwalimu mkubwa, awe karani aliyeshika ofisi wakati mkubwa wake yuko safarini, aulizwe maswali mawili: unafundishwa nini, na unalipwa nini? Asiyeweza kujibu hata moja kati ya hayo hasubiri chochote. Anapunjwa, na ni wajibu wetu kumwambia hivyo mapema, miaka yake ingali mingi.