Karuhusiwa hospitali, lakini kapona?

Najua nimepotea, na safari hii sina kisingizio cha umeme wala cha kazi za mhariri. Kuna jambo lilikuwa limenikaa kooni, nikawa nashindwa kulianza. Leo nalitoa.

Mwaka jana kaka yangu alianguka na bodaboda pale Tangi Bovu, Barabara ya Bagamoyo. Ilikuwa saa moja jioni, ule muda ambao Mbezi Beach nzima inarudi kutoka mjini kwa mpigo. Yeye alikuwa abiria. Kofia ngumu ya abiria ilikuwepo, ila ilikuwa inaning'inia kwenye usukani, kama ilivyo desturi yetu. Akapoteza fahamu kwa dakika kadhaa. Hospitali walimshona nyuzi sita, wakamlaza usiku mmoja, asubuhi wakampa dawa za maumivu na kumwambia aende nyumbani, yuko salama. Mama akachinja kuku. Tukamshukuru Mungu, tukajua yameisha.

Hayakuisha. Kaka ana kibanda cha vifaa vya simu Mwenge. Zamani alikuwa na bei zote kichwani, anajua nani anamdai na nani anadaiwa, hata daftari hakuwa nalo. Siku hizi anamrudishia mteja chenji mara mbili. Anawaka kwa kitu kidogo, yeye ambaye nyumbani tulimwita mpole. Juzi tukiwa mezani aliniuliza swali moja mara tatu.

Mtaani hukumu imeshatoka. Wapo wanaosema karogwa na jirani wa kibanda. Wapo wanaosema kaanza bangi. Shangazi anasema tumwache, ni mawazo ya maisha. Hakuna hata mmoja aliyeitaja ile ajali, na aibu yangu ni kwamba hata mimi sikuitaja.

Nasema aibu kwa sababu ajali ndiyo mkate wangu. Nimeandika habari ngapi za ajali gazetini? Unampigia kamanda, unapata idadi ya waliokufa, unapata idadi ya majeruhi, unamalizia na ile sentensi yetu tunayoipenda: "majeruhi wametibiwa na kuruhusiwa." Nukta. Habari imekwisha, twende kwenye nyingine. Sijawahi kurudi kwa majeruhi hata mmoja baada ya mwaka mmoja kumuuliza, "Vipi, kichwa?"

Basi nikaanza kusoma. Nawaletea niliyoyakuta.

Mwaka 1928 daktari wa Marekani aitwaye Harrison Martland aliandika kuhusu mabondia waliokuwa wanatembea kama walevi, wanasahau na kuchanganyikiwa, bila kunywa chochote. Karibu miaka mia moja iliyopita! Mwaka 2002 daktari kijana kutoka Nigeria, Bennet Omalu, akampasua ubongo marehemu Mike Webster, mchezaji mashuhuri wa mpira wa Kimarekani, akakuta uharibifu ambao hakuutarajia. Alipochapisha matokeo mwaka 2005, ligi ilimpinga waziwazi. Halafu mwaka 2019 watafiti wa Glasgow wakaonyesha kwamba wanasoka wa kulipwa wa zamani huko Scotland walikuwa na uwezekano wa kufa kwa magonjwa ya kuharibika ubongo mara tatu na nusu kuliko watu wa kawaida. Huu ni mpira wetu huu huu, wa kupiga vichwa.

Lakini utafiti ulioninyima usingizi ni wa Denmark, uliotoka mwaka 2018. Walifuatilia kumbukumbu za watu karibu milioni 2.8. Waliowahi kuumia ubongo walikuwa na hatari ya kupata dimenshia, yaani ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili, kubwa kwa asilimia 24 kuliko wasioumia. Kadiri mtu alivyoumia mara nyingi, ndivyo hatari ilivyopanda. Na walioumia wakiwa na miaka ya ishirini na kitu, miaka thelathini baadaye hatari yao ilikuwa juu kwa asilimia 63. Miaka ya ishirini na kitu, wadau. Hao ni sisi.

Mwaka 2020 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet likaingiza jeraha la ubongo kwenye orodha ya mambo yanayochangia dimenshia na ambayo binadamu anaweza kuyazuia.

Sasa nisiwatishe bure. Wengi wanaogonga kichwa hawatapata dimenshia kamwe. Alichonacho kaka hivi sasa si dimenshia. Ni matokeo ya jeraha lenyewe, na yapo yanayotibika. Tumeshampeleka kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Hata kuhusu Muhammad Ali, aliyekuja hapa Dar mwaka 1980 akiwa ametumwa na Rais Carter, bado wataalamu wanabishana kama ngumi ndizo zilizomletea ugonjwa wa kutetemeka. Sayansi haina haraka ya kuhukumu kama mtaa wetu.

Kuna mtu najua atasema: "Wewe, hayo ni mambo ya Wazungu. Sisi tuna malaria." Haya, twende Kilimanjaro.

Wilayani Hai watafiti waliwapima wazee 1,198 wenye miaka 70 na kuendelea katika vijiji sita. Matokeo yakachapishwa mwaka 2013: zaidi ya wazee 6 katika kila 100 walikuwa na dimenshia. Ni bibi na babu zetu, wale tunaosema "uzee tu huo". Na mwaka huo huo wa 2013, mkoa huo huo, hospitali ya KCMC pale Moshi ikishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke ilianza kuandikisha majeruhi wa ubongo wanaofika pale. Wengi ni vijana wa kiume, wameumia barabarani, na pikipiki zinaongoza.

Mnaona? Mkoa mmoja, huku wamehesabiwa wazee wanaosahau, kule wanahesabiwa vijana waliopasuka vichwa. Swali langu: nani atamfuata yule kijana wa Moshi mpaka awe mzee wa Hai?

Wadenmark waliweza kwa sababu tangu mwaka 1968 kila mtu ana namba yake, na kila akiingia hospitali namba ile inamfuata. Sisi tuna namba ya NIDA. Tunaitumia kusajili laini ya simu. Kwa nini isitumike kumwandika aliyeumia kichwa, ili akija hospitali baada ya miaka ishirini daktari ajue pa kuanzia?

Fanyeni hesabu ndogo. Bodaboda zilipewa kanuni zake kama biashara mwaka 2010. Kijana aliyepanda kazini mwaka ule akiwa na miaka 20 atatimiza 60 mwaka 2050. Ameanguka mara ngapi hapo katikati? Anazijua yeye tu, na kuna ambazo hata yeye hazikumbuki. Muswada wa malipo unakuja taratibu, na watakaoulipa ni mke wake na watoto wake, kwa sababu kulea mzee asiyejua njia ya chooni ni kazi ya nyumbani hapa kwetu, haina mshahara wala zamu.

Mimi sina madaraka, nina kalamu. Lakini naona mambo matatu hayahitaji mfadhili. Kwanza, mtu aliyepoteza fahamu asiruhusiwe na panadol tu. Familia iambiwe dalili za kuangalia na apewe tarehe ya kurudi. Pili, sisi waandishi tuache kumalizia habari pale majeruhi anapotoka wodini. Tatu, kofia ngumu.

Najua hadithi ya kofia. Inanuka, imevaliwa na watu hamsini, inaharibu nywele za dada aliyetoka saluni kulipa elfu thelathini. Yote kweli. Ila uchambuzi wa tafiti nyingi uliofanywa mwaka 2008 ulionyesha kofia hizo zinapunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hakuna dawa dukani yenye nguvu hiyo. Nimenunua yangu, natembea nayo mkononi mpaka kijiweni. Madereva wa pale Africana wananicheka, wananiita "rubani". Wacheke.

Jana usiku kaka aliniuliza tena kama nimeshakula. Nikamjibu nimekula. Baada ya dakika tano akauliza tena. Zamani ningemwambia, "Si nimeshakujibu wewe?" Nikamwambia, "Nimekula kaka, asante." Akatabasamu kama vile ndiyo mara ya kwanza kuuliza.

Nawatakia wiki njema. Mkipanda, vaeni.