Kishikwambi Kimesingiziwa

Ndugu mwandishi wa makala ninayoijibu ameokota vishikwambi vya mwaka 2016, vile walivyogawiwa watoto wa darasa la kwanza hapa Kenya, akahitimisha kwamba kompyuta haina kazi katika kumwandaa mwalimu wa hesabu. Amekamata asiye mwizi. Mradi ule ulimtanguliza mtoto; mwalimu alipewa semina fupi.

Apande matatu kutoka hapa mtaani Jamhuri, Nairobi, hadi Karen, kwenye CEMASTEA, kituo cha kuwaendeleza walimu wa hesabu na sayansi kilichotokana na mradi wa SMASSE ulioanza 1998 kwa msaada wa Japani. Pale anayeshughulikiwa kwanza ni mwalimu.

Kisha afungue GeoGebra, programu ya bure inayofanya kazi bila intaneti ikishapakuliwa. Aandike y = ax², aburute kitelezi cha a kutoka 2 hadi -2. Mkunjo unatanuka, unalala kuwa mstari ulionyooka a ikifika sifuri, halafu unapinduka. Mwanachuo wa ualimu akiulizwa kwa nini pale katikati parabola imepotea, ameanza kufikiri kama mwalimu. Ubaoni angechora mikunjo miwili mitatu, na sifuri (wengi wetu huiruka) asingeigusa.

Umeme hukatika, kweli. Basi tuvidaie vyuo vya ualimu paneli za sola.