"Rezo imejaa": hapana, ni ninyi hamutaki kuijenga

Vijana wenzetu,

Kila mara tunauliza juu ya nini intaneti inatembea kama konokono, kampuni za simu zinatoa jibu moja: "Rezo imejaa, batu ni wengi." Kama vile kosa ni letu sisi tuliozaliwa wengi! Tunakataa jibu hilo. Leo tunaeleza sababu, hata kama inaomba kuingia kidogo ndani ya hesabu. Musikimbie, hesabu hii inagusa mufuko.

Simu na antene zinaongea kwa mawimbi ya redio. Masafa ambayo serikali inapatia kampuni yana mupaka, hilo ni kweli. Lakini ndani ya masafa yaleyale unaweza kupitisha kidogo ao kingi, na inategemea mambo mawili.

La kwanza ni namna ya kupakiza ujumbe juu ya wimbi, wahandisi wanaita modulasio. Ukiwa karibu na antene na ishara ni safi, rezo ya 4G inaweza kutumia 256-QAM: kila alama inayorushwa inabeba biti 8. Ukiwa mbali, nyuma ya kilima, antene inajua hautasikia vizuri, inashuka mupaka QPSK: biti 2 kwa kila alama. Masafa ni yaleyale, muda ni uleule, muzigo ni robo.

La pili ni misimbo ya kusahihisha makosa. Antene inaongeza biti za akiba, ili simu ifanye hesabu na kurudisha zile zilizoharibika njiani. Ishara ikiwa mbaya, akiba inapaswa kuwa kubwa, na nafasi ya ujumbe wenyewe inapungua tena. Kwa hiyo siyo hata robo.

Na elimu hii siyo siri ya mutu. Tangu mwaka 1948 Claude Shannon, Mumarekani, alionyesha kwamba kila njia ya mawasiliano iko na mupaka wake, na kwamba misimbo ya kufika karibu na mupaka ule inawezekana. Hakusema namna ya kuitengeneza. Robert Gallager alileta misimbo ya LDPC mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini mashine za wakati ule zilikuwa zaifu, ikalala karibu miaka 30. Mwaka 1993 Claude Berrou na wenzake, kutoka Brest kule Ufaransa, walileta misimbo ya turbo, na ilikaribia mupaka wa Shannon sana hata wataalamu wengine hawakuamini. Ndiyo inafanya kazi ndani ya 3G na 4G. Erdal Arıkan, mwalimu wa chuo kikuu Ankara, Uturuki, akatoa misimbo ya polar mwaka 2009. Leo 5G inatumia LDPC kwa data na polar kwa maagizo ya rezo. Simu ya 4G ya bei ya chini unayonunua sokoni iko tayari na turbo ndani. Sisi tulilipa bei ya teknolojia hiyo.

Basi kinachokosa siyo akili wala batu kupungua. Hakuna musimbo unaohamisha kilima. Mwenye kukaa pembeni ya muji kama Butembo, muji wa vilima, anahitaji antene inayomuona.

Na hapa iko jambo ambalo kampuni hazisemi. Antene inagawanya muda wake kati ya wote inaowahudumia. Video ileile, kwa mutu wa biti 2, inakula muda wa antene mara nne ao zaidi kuliko kwa mutu wa biti 8. Kwa hiyo ukiacha raia wa pembeni mbali, haumutesi yeye peke yake. Unamupunguzia hata jirani ya antene. Rezo imejaa, ndiyo, lakini sehemu ya kujaa kule wameitengeneza wenyewe. Kisha forfe inauzwa bei moja kwa wote.

(Wengine wanasema kila kurudia kati ya antene na simu kunakata mega zenu. Siyo hivyo: makosa yanayorudiwa pale hayapiti kwenye hesabu ya kampuni. Yanakula muda na betri. Tuwashitaki kwa yale wanayofanya kweli, yanatosha.)

Tunajua mazutu ni bei, barabara ni mbovu na vita iko. Hatuombi muujiza. Lakini tunakumbuka pesa ilivyokatwa ndani ya simu zetu. Kuanzia mwaka 2020, kodi ya RAM ilichukua dola 1 kwa simu ya 2G na dola 7 kwa 3G na 4G kila mwaka, paka vijana na raia walipopiga kelele ikafutwa mwaka 2022. Kukata wanajua. Kujenga ndiyo kunakuwa kugumu?

Sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 inazungumuzia huduma ya mawasiliano kwa wote, na mufuko wa kuiendesha. Tunaomba ARPTC itangaze mbele ya raia, muji kwa muji, nguvu ya ishara na mwendo wa intaneti vilivyopimwa, siyo vilivyoahidiwa kwenye bango. Tunaomba pia mufuko ule uonyeshe antene ngapi zimesimamishwa na ziko wapi.

Sisi hatutangoji. Ingia ndani ya simu yako, kwenye hali ya SIM, tafuta namba ya ishara yenye dBm. Karibu na -80 ni nzuri. Ikishuka kwenye -110, unaumia. Andika namba, avenue na saa, asubuhi na magaribi, kwa siku saba, upelekee kikundi chetu cha muji wako. Majina yenu hatutaki. Karatasi zote tutazipeleka kwa mukono, na tutaomba acuse yenye muhuri.