Tembea Kenya, Lakini Shuka Kwanza

Kiswahili kina neno moja, kutembea, na linabeba mambo mawili: kutumia miguu, na kwenda mahali bila shughuli yoyote ila kujifurahisha. Ukiulizwa unaenda wapi ukajibu "natembea tu", kila mtu ameelewa. Bodi ya Utalii ilijua inachofanya ilipotuambia Tembea Kenya. Mimi ni Msomali wa Garissa, na neno hilo nataka tuligombanie kidogo, kwa sababu kwetu "natembea tu" halimalizi mazungumzo. Hapo ndipo maswali yanaanza.

Mei iliyopita mimi na mume wangu tulienda Lamu. Mei ni mvua na kusi, watalii wamekwenda zao, nyumba kadhaa za wageni zimefungwa na zilizo wazi zinakubali kupatana bei. Tulitaka likizo ya miguu: begi moja kila mtu, viatu vya kawaida, kutoka mji hadi kijiji hadi mji. Tulipitia Hola, Garsen na Witu mpaka gati ya Mokowe, na hadi tunashuka hapo vitambulisho vyetu vilikuwa vimetoka mfukoni mara saba. Kwenye kizuizi kimoja tuliteremshwa na mabegi yetu. Gari zima lilikuwa limejaa, lakini walioitwa chini tulikuwa wanne, na sura zetu unaweza kuzikisia.

"Mnaenda Lamu kufanya nini?"

"Kutembea, afande."

"Kwa nani?"

"Si kwa mtu. Kutembea tu."

"Mama, mtu hatoki Garissa kwenda kutembea Lamu. Na mvua yote hii?"

Mume wangu akafungua simu amwonyeshe chumba tulichoweka. Yaani mtu mzima, mwalimu, anathibitisha likizo yake kwa risiti.

Lamu yenyewe, wacha niseme ukweli, ilitusahaulisha. Ukitoka mjini kufuata ufuo mpaka Shela ni kama dakika arobaini na tano, mradi uangalie maji. Yakijaa yanakula njia na unabaki kusubiri ukutani na punda. Siku ya pili tulikata kisiwa kwenda Matondoni, njia ya mchanga katikati ya minazi na miembe, mvua ikitunyeshea na kuacha, kutunyeshea na kuacha. Huko wanaunda majahazi bado, na mlio wa tezo unausikia kabla hujaiona pwani. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi kivulini akatuuliza tunatoka wapi. Garissa. "Mmekuja kutembea?" Ndiyo, baba. "Karibuni wanangu," akasema, akaendelea kusuka kamba yake.

Swali lilikuwa lile lile la afande. Sikumjibu mzee huyu nikiwa na jasho mikononi.

Shela tulikutana na wapenzi wawili kutoka Uhispania. Kwao, walituambia, hupenda kutembea pwani ya kusini wakati wa baridi, miji ya upande wa Cádiz, hoteli rahisi na mikahawa haina foleni. Nikawauliza huwa wanaulizwa vitambulisho mara ngapi njiani. Wakatazamana. (Najua, Mwafrika akitembea pwani hiyo hiyo ana hadithi nyingine. Sisemi Uhispania ni pepo.) Nikawauliza Kenya je? Walikuwa wamepanda ndege Nairobi wakashuka Manda, wakavuka kwa boti. Barabara yetu hawajaiona hata kidogo. Kwa hiyo mgeni wa Uhispania anafika Lamu bila kizuizi kimoja cha barabarani, na jirani wa Garissa anapita saba. Nani kati yetu ni mtalii wa ndani hapo?

Hili halikuanza jana. Mkoloni aliifunga nchi yetu kwa sheria ya 1902 na ile ya 1934. Kuingia au kutoka Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kulihitaji kibali. Uhuru ukaja Desemba 1963, na mwezi huo huo tukapewa hali ya hatari iliyodumu hadi 1991. Mwaka 1989 Wakenya Wasomali walihojiwa na kupewa kadi ya pinki juu ya kitambulisho cha kawaida. Mtaani kitambulisho bado tunakiita kipande, jina la kile walichovalishwa babu zenu shingoni. Mlikitupa. Sisi tuliongezewa cha pili.

Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitia sahihi tangazo la kufuta msasa wa ziada kwa watu wa kaunti za mpakani wanaoomba kitambulisho. Vizuri. Lakini kupata kitambulisho ni jambo moja, na kukitoa mara saba kwa siku ni jambo lingine, na Kifungu cha 39 cha Katiba kinachotupa uhuru wa kwenda popote hakisemi "baada ya kujieleza".

Utaniambia usalama. Mimi ni wa Garissa, bana, usinifundishe tarehe 2 Aprili 2015. Watu 148 waliuawa chuoni, katika mji wetu. Lakini kumbuka pia kwamba mmoja wa wauaji alikuwa na shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na aliyekuwa ameripoti kwamba ametoweka ni baba yake mwenyewe, chifu wa Mandera. Habari iliyofaa ilitoka kwa mzazi Msomali aliyeiamini serikali. Ukimteremsha mzazi huyo garini kila wiki mbele ya watoto wake, kesho atakuja kukuambia nini?

Na afande si peke yake ninayemlaumu. Desemba 2015 magaidi walisimamisha basi Mandera wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi pale, na akafa Januari iliyofuata. Sifananishi polisi na magaidi. Nasema tu kwamba abiria wale walikuwa na bunduki usoni na bado walikataa kutengwa, na wewe wa Nairobi, siku ile tulipoitwa chini, ulikuwa na kiyoyozi na chaja ya simu. Ulivaa vipokea sauti masikioni. Dada mmoja alituma ujumbe, nikauona skrini yake nilipopita: "wanachelewesha gari".

Njoo Garissa, basi. Sisi hatuna msimu wa watalii, kwa hiyo bei haipandi Desemba. Alasiri jua likipoa tutatembea kando ya Tana, na asubuhi tutaenda Bour-Algi, karibu tu na mji, ambako twiga wanazurura bila kuulizwa na mtu. Mabasi yanatoka Eastleigh. Njiani wakituita tushuke na mabegi, shuka nawe, na dada wa simu ashuke. Gari likichelewa, lichelewe na sisi sote chini.