Hesabu ya Nyumba Haifungwi Paa Linapoezekwa

Familia nyingi nchini Tanzania hujenga kidogo kidogo: mwaka huu msingi, mwakani kuta, kisha bati, huku madirisha yakizibwa kwa mbao au viroba hadi fedha zipatikane. Paa likishaezekwa, mwenye nyumba huona gharama zimekwisha. Zilizosalia atazilipa zahanati.

Mbu Anopheles gambiae, mmoja wa waenezaji wakuu wa malaria, huingia ndani usiku hasa kupitia upenyo ulio kati ya ukuta na paa. Upenyo huo hauachwi kwa uzembe. Ndimo joto na moshi hutokea. Ukizibwa kwa udongo chini ya bati lisilo na dari, chumba huwa tanuri, na aliyelala humo huona afadhali kuumwa na mbu kuliko kuvumilia chandarua. Kinachotakiwa ni wavu: hewa ipite, mbu asipite. Mkoani Mtwara watafiti walijenga nyumba 110 za ghorofa, zenye vyumba vya kulala juu, kuta zinazopitisha hewa na mfumo wa kuvuna maji ya mvua. Watoto waliohamia humo waliugua malaria, kuharisha na maradhi ya mfumo wa hewa kwa kiwango kidogo kuliko wenzao wa nyumba za kawaida.

Si kila familia itajenga ghorofa, wala haihitajiki. Lakini tofali la kuchoma, linaloteketeza kuni nyingi, lina mbadala: tofali la kufungamana, ambalo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umelieneza kwa miaka mingi. Hushindiliwa kwa mashine kutokana na udongo na saruji kidogo, hukauka bila moto, na hupunguza saruji ya kuungia. (Udongo wenye mfinyanzi mwingi haufai, upimwe kwanza.) Fedha inayookolewa ukutani yatosha kuanzia nyavu za madirisha.

Mjamzito hupewa chandarua kliniki, na ni vema. Mtoto akirejeshwa na malaria mara ya tatu katika msimu mmoja, mhudumu aulize pia nyumba imefikia hatua gani. Kama bado haijaezekwa, afisa afya wa kata aonane na fundi mapema, kwa kuwa wavu wa upenyo huwekwa kwa urahisi kabla bati halijapigiliwa.