TAMKO LA TAWI: UPEPO NI WA KWETU, UMEME UNATUPITA JUU



Wengi wenu mmeuliza kama tawi linapinga umeme wa upepo. Hapana. Ile mitambo 365 upande wa Loiyangalani ina uwezo wa megawati 310, na umeme wake unaipunguzia Kenya mzigo wa kununua mafuta ya kuendeshea jenereta. Barabara ya kutoka Laisamis, zaidi ya kilomita 200, ilitengenezwa kwa ajili yake. Aliyewahi kumsafirisha mgonjwa kwa ile barabara ya zamani hawezi kuibeza.

Lakini tuseme ukweli. Mitambo ilikuwa tayari 2017, ikasimama bure hadi 2018 kwa sababu laini ya kwenda Suswa, kilomita 428, haikuwa imekamilika. Ilipokamilika, ikatupita juu. Wazee wanauliza kwa nini tusivute waya mmoja tu. Laini hiyo ni ya kilovolti 400. Haiwezi kuingia nyumbani bila kituo cha kupunguza nguvu ya umeme, na kituo ni ghali. Haya, tumeelewa. Mbona basi gharama hiyo haikuwekwa kwenye hesabu tangu mwanzo? Mitambo inazunguka usiku kucha, watoto wetu wanasoma kwa tochi.

Halafu kuna ardhi: ekari 150,000 za malisho. Mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati zake zilitolewa kinyume cha utaratibu wa sheria. Miaka mingi ya kesi, na mbuzi hawangoji hukumu.

Sasa wanakuja wengine wa upepo na wa jua. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema mwekezaji hapewi ardhi ya jamii mpaka theluthi mbili ya watu wazima wakubali mkutanoni. Ila jamii iwe imesajiliwa, na wewe uwe kwenye daftari. Baadhi yetu viongozi wa tawi bado hatujajiandikisha, na tunaona aibu kulisema hapa.

Kwa hiyo tunaomba: karatasi yoyote itakayoletwa na wakala, hata akija na unga na sukari, isitiwe sahihi wala kidole gumba kabla ya kusomwa kwa sauti mbele ya watu, akina mama na vijana wakiwemo. Walio fora na mifugo wapigiwe simu leo, waje waandikwe.

Ofisi ya Tawi